Mwenye Gari Ni Mimi

Gari lilikuwa langu, lakini pale Roret hakuna aliyeliita langu. Nililinunua baada ya miaka mingi ya kufundisha, gari dogo jeupe la mtumba. Logbuku, hati ya umiliki, ilipotoka, jina lilikuwa langu peke yangu, majina yote matatu, bila kosa hata la herufi moja. Ila mimi nafundisha Kedowa, na nyumba yangu iko ndani ya uwanja wa shule. Kuanzia Jumatatu hadi Ijumaa gari lingekaa tu chini ya mti likinyeshewa na kujaa majani. Mama naye magoti yalikuwa yamemshinda. Kutoka kwetu hadi barabara ya lami ni mlima, na mvua ikinyesha udongo ule mwekundu hauna huruma. Nikaamua gari likae nyumbani Roret limsaidie mama, na mimi niwe nikilikuta mwisho wa juma.

Wa kuliendesha alikuwa ndugu yangu, kitinda mimba wetu. Alikuwa amerudi kutoka Nakuru baada ya mahali alipofanya kazi kufungwa. Alirudi na begi moja na hakulalamika. Asubuhi ya pili alikuwa chini ya ng'ombe anakama, na wiki hiyo hiyo akaingia kwenye majani chai na kikapu mgongoni pamoja na wale akina mama tunaowaajiri. Mama alikuwa mtu mwingine kabisa. Alianza kucheka peke yake jikoni. Mimi nilikuwa nimemtunza mama tangu baba afariki, nimeezeka nyumba yake mabati mapya, nimemletea maji hadi mlangoni, na sikumbuki kusikia kicheko hicho.

Jumapili moja tulitoka kanisani, mimi nikiwa nimembebea mama Biblia yake. Mwanamke mmoja wa kundi lao la maombi akamshika mkono na kumwambia, "Umebarikiwa, mama. Kijana ameleta gari, sasa hutembei tena."

Mama akasema, "Mungu ni mwema."

Nilisubiri aongeze neno. Hakuongeza. Ndugu yangu alikuwa upande wa pili anafungua mlango wa gari, na sidhani alisikia. Niliingia kiti cha nyuma, nikaweka Biblia mapajani, na njia nzima nikaangalia kisogo cha ndugu yangu.

Mambo madogo ndiyo yaliyonimaliza. Ijumaa nikifika na kukaa kwenye usukani, miguu haifiki, kwa sababu kiti kimesukumwa nyuma kulingana na urefu wake. Redio iko kwenye stesheni yake. Halafu siku moja nikakuta mama amefuma kitambaa cha uzi wa kijani na cheupe na kukivisha kiti cha dereva, pale kichwa kinapoegemea. Kiti cha dereva peke yake. Nilikiangalia kwa karibu, nikaona upande mmoja mishono imerukwa, imelegea. Nikafurahi kidogo moyoni. Nikajiambia alikifuma kwa haraka, kwamba hata yeye hakukitilia maanani.

Ujumbe uliingia kwenye simu nikiwa katika ofisi ya walimu nasahihisha. Ulitoka kwa kampuni moja inayosimamia maegesho ya magari katika plaza fulani mjini Kericho. Ulisema gari langu, na namba ikatajwa, liliegeshwa pale Alhamisi kupita muda unaoruhusiwa, likatoka bila kulipa, na kwa hiyo mwenye gari anadaiwa ada ya ukiukaji. Kiasi chenyewe kilinifanya nisome tena. Mwishoni waliandika kwamba nisipolipa au kupinga ndani ya wiki mbili kingeongezeka.

Alhamisi hiyo nilikuwa darasani tangu asubuhi hadi michezo. Nikapiga ile namba nikiwa nje, karibu na tangi la maji.

Aliyepokea alikuwa mwanamke, mwenye adabu. "Madam, wewe ndiye mwenye gari?"

"Ndiyo," nikasema. "Ni langu."

Najua ni jambo la ajabu kusema, lakini kwa sekunde moja nilisikia raha. Tangu nilinunue, huyo ndiye mtu wa kwanza kuniuliza swali hilo na kungoja jibu.

Nikamwambia, "Lakini siku hiyo sikuwa naendesha mimi. Mimi nilikuwa kazini Kedowa. Hamwezi kunidai kwa kitu sikufanya."

"Sisi tumetafuta namba ya gari, jina lako likatoka. Kama hukuwa wewe, tuandikie pingamizi, na utupatie jina la dereva na simu yake. Tutamfuata yeye."

"Na nisipowapa?"

"Basi tutakuwa na jina lako tu, madam."

Nilirudi ofisini nikafungua barua pepe kwenye kompyuta. Sikuhitaji kufikiri sana. Niliandika kwamba mimi ndiye mwenye gari kwa logbuku, kwamba sikuingia katika plaza hiyo wala kuchukua tiketi yao, na kwamba aliyekuwa na gari ni ndugu yangu. Nikaandika jina lake na namba yake ya simu. Nilipomaliza nilisoma upya na kuona nimeiandika vizuri sana, kwa lugha safi, kama mtu aliyekuwa amesubiri kuandika jambo hilo kwa muda mrefu. Sikuituma. Nilitaka kwanza nimuulize ana kwa ana, mama akisikia. Nilitaka mama aone kwamba ndugu yangu akitumia gari kuzurura Kericho na watu asiowajua, mzigo unakuja kwa jina langu. Nilikuwa nimeshajua moyoni kwamba alikuwa na mwanamke. Sikuwa na sababu yoyote. Nilitaka tu iwe hivyo.

Jumamosi nilifika nyumbani kabla ya saa sita. Ndugu yangu alikuwa anaosha mitungi ya maziwa nje, na mama ameketi kwenye kiti chake mlangoni, juani. Nilisalimu, nikaletewa chai, nikainywa. Halafu nikauliza.

"Alhamisi ya juma lililopita gari ilikuwa wapi?"

Ndugu yangu alimwangalia mama. Alimwangalia kwa namna ambayo niliielewa mara moja, kwamba kuna kitu wawili hawa wanakijua na mimi sikijui. Nikahisi uso unapata moto.

"Nimeuliza wewe," nikamwambia. "Usiangalie mama. Kuna watu wa parking Kericho wananidai pesa. Ulienda kufanya nini huko? Na nani?"

"Na mimi," mama akasema.

Nikageuka.

"Alienda na mimi. Jicho hili la kushoto halioni. Nikamwambia anipeleke kwa daktari wa macho, yule yuko juu kwa ile jengo. Wakaweka dawa, wakaniangalia na taa. Wanasema ni mtoto wa jicho, natakiwa kupasuliwa."

Niliweka kikombe chini. "Halioni tangu lini, mama?"

"Imekuwa kitambo. Lilianza na ukungu."

"Na hukuniambia."

"Wewe uko na maswali mingi," mama akasema. Hakuwa amekasirika, alikuwa anaeleza tu, kama mtu anayesema njia ipi ina matope. "Ningekuambia, ungeuliza ilianza lini, mbona sikusema, nilikula nini, nani amenishauri. Ungeomba ruhusa kazini. Ungeita daktari huyu na yule. Huyu nilimwambia nipeleke, akachukua funguo."

Nilikumbuka ile mishono iliyolegea kwenye kitambaa, na jinsi nilivyofurahi juu yake, nikaangalia mbali, kwenye majani chai ya jirani. Lakini nisiwadanganye, sio majuto yaliyokuwa yamenijaa. Ulikuwa ni wivu, tena mkali kuliko ule wa kanisani. Gari alichukue, kiti akisukume. Hili la jicho la mama lilikuwa langu. Mimi ndiye mzaliwa wa kwanza. Mimi ndiye niliyempeleka hospitali kila mara kabla huyu hajarudi, ninayejua sindano ipi inamdhuru na dawa gani hazipatani na presha yake. Na mama akaenda kumwambia mtu ambaye sifa yake kubwa ni kwamba hakuuliza kitu.

Ndugu yangu alikausha mikono kwenye suruali. "Dada, andika jina langu," akasema. "Mimi ndio nilikuwa dereva. Wanitafute mimi, nitajua nitafanya nini."

Nikamwangalia. Barua ilikuwa tayari ndani ya simu yangu, na jina lake ndani yake, na sasa mwenyewe alikuwa ananiomba niitume. Kama ni kumkomoa, njia ilikuwa wazi. Lakini nilipofikiria jina lake kwenye karatasi za watu wale, yeye dereva aliyempeleka mama kwa daktari, na mimi nimejitoa kabisa, mimi sikuwepo, sikuingia, sijui lolote, nikaona hapana. Hata mzigo huo alikuwa anauchukua.

"Gari ni langu," nikamwambia. "Kesi ni yangu. Nieleze tu ilivyokuwa."

Tukaketi, akanieleza, na nilimuuliza maswali yote ambayo mama hayapendi. Walipofika asubuhi, umeme ulikuwa umepotea katika ile plaza. Mashine ya tiketi pale getini haikuwa inafanya kazi, na soja anayelinda geti, mzee mwenye koti la mvua, aliinua kile chuma cha kuzuia magari kwa mkono na kuwaambia wapite. Lifti nayo ilikuwa imesimama. Daktari yuko ghorofa ya tatu. Alimpandisha mama ngazi pole pole, akimkalisha kila ghorofa. Halafu ile dawa ya kufungua mboni ilimfanya mama asione kabisa, macho yote mawili, na daktari akasema wasishuke ngazi hadi iishe. Wakangoja. Walipotoka, umeme bado, na soja akawainulia tena chuma.

"Kulikuwa na kibao cha muda?" nikauliza.

"Sikuona kibao."

"Uliangalia?"

"Dada, nilikuwa nimeshika mama."

Nilifuta ile barua na kuandika nyingine. Safari hii niliandika kwamba mimi ndiye mwenye gari, kwamba lilikuwa limempeleka mama yangu kwa daktari katika jengo lao wenyewe, na nikaeleza umeme, mashine, soja na ngazi. Jina la dereva sikuliweka. Walijibu kwa maneno machache: pingamizi haliwezi kukubaliwa bila jina la dereva au ushahidi, lakini naweza kufika ofisini kwao. Nikaomba ruhusa siku moja, jambo ambalo mama alikuwa amelisema, nikamwambia tunakwenda Kericho, mimi na yeye tu.

"Na kijana?" mama akauliza.

"Abaki na ng'ombe."

Nilivuta kiti mbele, nikabadilisha stesheni, na kile kitambaa cha kijani nikakiacha pale kilipokuwa kwa sababu mama alikuwa ananiangalia kwa jicho lake moja. Tulishuka kupitia mashamba makubwa ya chai. Nilijaribu kuongea naye, nikamwonyesha wachumaji waliopangana mlimani, kisha nikakumbuka kwamba pengine hawaoni. Yeye akasema, "Endesha tu. Yeye huwa anaendesha pole pole kwa hizi kona." Nikapunguza mwendo.

Katika plaza jambo la kwanza nililofanya ni kutafuta kibao. Kilikuwepo. Kilikuwa ukutani upande wa kuingilia, na mbele yake kulikuwa kumewekwa tangazo refu la duka la simu, ambalo lilikuwa limefunika maandishi yote isipokuwa mstari wa chini. Nilipiga picha kutoka kiti cha dereva, nikapiga nyingine nikiwa nimesimama. Soja wa koti la mvua alikuwa getini. Mama alimtambua kwa sauti kabla mimi sijamsalimu.

"Ni wewe ulituinulia ile chuma," mama akasema.

"Kogo, umerudi," akasema soja, akimwita bibi kwa lugha yetu. "Jicho linaendeleaje? Na yule kijana wako yuko wapi?"

Hata soja. Nikamwomba anisaidie kueleza ofisini kuhusu siku ile umeme ulipopotea. Akasema hana shida, ni kweli, aliinua chuma kutwa nzima hadi mkono ukamuuma.

Ofisi ilikuwa nyuma, chumba kidogo chenye meza mbili. Meneja alikuwa yule mwanamke wa kwenye simu, mdogo kuliko nilivyomfikiria, pengine angeweza kuwa mwanafunzi wangu wa zamani. Alitukaribisha vizuri, akamletea mama kiti chenye mto. Halafu akafungua kompyuta na kunionyesha picha ya gari langu likiingia na picha yake likitoka, zote za nyuma.

"Kamera ziko na betri yao," akasema. "Zilifanya kazi. Zinaonyesha gari ilikaa zaidi ya saa tatu. Dereva ni nani?"

"Dereva haijalishi," nikasema. "Mimi ndiye mwenye gari, nimekuja mwenyewe. Nauliza hivi: mashine yenu haikutoa tiketi, kibao chenu kimefunikwa, soja wenu amewaambia wapite. Huyo dereva angejua vipi kuna muda? Na angelipa wapi?"

Nikaweka simu mezani aone picha za kibao. Aliziangalia, akavuta kwa vidole kuzikuza.

"Angeweza kuuliza hapa ofisini," akasema hatimaye.

Mama akaingilia. Akasema, "Angekuja hapa saa ngapi, binti? Mimi nilikuwa kipofu siku hiyo. Waliniwekea dawa, nikawa sioni hata mkono wangu. Kijana wangu hakuniacha. Alikaa na mimi kwa benchi, akanishikia kikombe cha chai ninywe, akanishusha hizo ngazi zote akihesabu. Anasema, mama, hii ni ya mwisho. Ningeanguka. Angeniacha nikianguka, ndio aje kulipa parking?"

Meneja akaniangalia, akitaka nimalize hoja. Na mimi nilijua hoja ilikuwa hiyo. Kila kitu tulichohitaji kilikuwa katika maneno ya mama: kwa nini walikaa muda mrefu, kwa nini hakuja ofisini, kwa nini mtu yeyote mwenye akili angefanya vile. Ilibidi niseme mwenyewe, kwa kinywa changu, tena kwa ufasaha.

"Ndugu yangu alimtunza mama yangu," nikasema. "Alifanya kila kitu vile kilipaswa kufanywa. Kama ningekuwa mimi ningefanya hivyo hivyo."

Lile la mwisho sikuwa hata na hakika nalo. Mimi ningekuwa nimeshuka kumtafuta meneja, nimeandika malalamiko kuhusu lifti, na mama angekuwa peke yake kwenye lile benchi kwa muda.

Meneja alimwita soja, soja akasema aliyoyasema kwangu. Akapiga simu moja kwa mkubwa wake, akaongea akiwa amesimama dirishani. Aliporudi alisema ada imefutwa, na kwamba lile tangazo litasogezwa. Alinitumia ujumbe pale pale ili nisiwe na wasiwasi. Ulianza na jina langu, ukasema mimi kama mwenye gari sidaiwi chochote. Nikamsomea mama.

"Vizuri," akasema. "Umeongea vizuri. Mpigie kijana simu umwambie, asikae akijilaumu."

Nikampigia. Akanishukuru, akauliza kama mama amekula.

Mama alipasuliwa baada ya shule kufungwa, na siku hiyo tulienda wote watatu. Kila kitu kilikwenda sawa. Muuguzi alitueleza kuhusu matone ya kuweka kwenye jicho, na mimi ndiye niliyeuliza maswali, ndiye niliyeelewa yapi ni ya asubuhi na yapi ya jioni, na nikaona mama ameridhika kwamba mtu ameuliza. Tulipofika nyumbani nikatangaza kwamba likizo yote nitayaweka mimi.

Jioni ya kwanza nilinawa mikono, nikamwinua mama kidevu, nikafungua kile kichupa. Tone likaanguka shavuni. La pili likaingia, lakini mama akashtuka na kufumba jicho.

"Mkono wako ni mzito," akasema. "Ngoja kijana amalize kukama."

Nilitaka kumwambia nimejifunza kwa muuguzi, kwamba ndugu yangu hata hajui lipi ni la jioni. Nilibaki nimeshika kichupa. Ndugu yangu aliingia na harufu ya zizi, akanawa mikono mara mbili, akakipokea kwangu.

"Ni tone moja?" akaniuliza.

"Moja. Halafu afumbe kidogo, usiguse kope."

Akamwekea. Mama hakushtuka. Nikasimama karibu na mlango, nikaangalia vile anavyomshika mama kichwa.